Kabari Juu ya Boila

Jina lake la kwenye cheti lilitumika shuleni na hospitalini tu. Kwingine kote aliitwa Geji, na aliyempa jina hilo ni Kijiti, mtia kuni wa kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Kijiti mwenyewe alikuwa pande la mtu, mabega kama mlango, lakini utani ule ulikuwa umemganda miaka mingi kiasi kwamba hata mkewe hakumwita vingine.

Baba yake Geji alikuwa fundi wa boila katika kiwanda hicho. Boila yenyewe ilikuwa pipa la chuma lenye ukubwa wa chumba cha kulala, limelazwa ubavu juu ya tanuri. Kuni chini, maji ndani, na mvuke ukitoka juu kwa mabomba kwenda kwenye mapipa ya rangi na kwenye chumba cha kukaushia vitambaa, upande wa pili wa ukuta. Fundi aliijua boila yake kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Lakini Geji alipofika miaka kumi, macho ya baba yakaanza kufifia. Hakumwambia mtu ila mkewe, maana fundi asiyeona vizuri haachiwi boila, na kazi nyingine hakuijua. Kijiti aligundua mwenyewe, akanyamaza. Asubuhi alikuwa akipita mbele ya geji, ile saa inayoonyesha nguvu ya mvuke, na kusema kana kwamba anaongea na kuni zake, "Leo imeamka kwenye saba."

Alasiri kazi hiyo ilikuwa ya binti. Masomo yakiisha alipitia kiwandani na chakula cha baba, mlinzi akamfungulia, naye akasimama mbele ya saa ile na kusoma kwa sauti ya darasani. Saba na robo. Saba na nusu. Baba alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa ameshajua, na mara nyingi alikuwa ameshajua kweli, kwa kusikiliza tu. Ndipo Kijiti akaanza kumwita Geji, na wafanyakazi wote wakalidaka jina.

Alijifunza mengi mle ndani bila kuketi kwenye dawati. Alijifunza kwamba maji hutangulia kisha moto, na kwamba mtu anayekinyima macho kioo cha maji, kile kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani, anacheza na roho za watu. Alijifunza pia habari za vali ya usalama, kile kifaa cha shaba kilichokaa juu kabisa ya boila, chenye springi ndani. Mvuke ukizidi kiasi kilichowekwa, springi inasalimu amri, vali inafunguka yenyewe na kutoa mvuke nje kwa mlio wa kupasua masikio. Baba aliita vali hiyo mdomo. Alimwambia binti yake, "Boila isiyo na mdomo itakuambiaje kwamba imechoka?" Kibao kilichopigiliwa ubavuni kilisema mwisho wake ni nane. Sindano ikikaribia nane, Kijiti alipunguza kuni bila kuambiwa.

Basi alipofaulu kwenda chuo cha ufundi kusomea uhandisi wa mitambo, nyumbani hakuna aliyeshangaa ila mama, ambaye alikuwa na matumaini ya binti kuvaa gauni safi na kukaa ofisini. Darasa lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, na yeye peke yake ndiye msichana. Ovaroli aliyopewa ilimtosha yeye na mwenzake mmoja, akaikunja mikono na miguu na kuibana kwa pini. Jengo la karakana halikuwa na choo cha wanawake, kwa hiyo ilimbidi avuke uwanja hadi jengo la utawala, na kila akirudi alikuta wenzake wamemwekea swali ubaoni: Geji imeshuka hadi ngapi? Alicheka nao. Siku chache alilia, lakini alilia hukohuko ng'ambo ya uwanja, akanawa uso, akarudi.

Mwalimu wa somo la mvuke alikuwa mzee mkavu asiye na ncha ya kidole cha shahada, na aliwaambia siku ya kwanza kwamba ncha ile ilibaki kwenye mashine ambayo kila mtu alisema ni salama. Hakumpendelea Geji wala hakumwonea. Alimpa alama alizostahili, na mara moja tu, akimrudishia daftari, alimwambia kwamba hesabu zake zilikuwa zinasikika kama za mtu aliyeunguzwa na mvuke. Geji alizichukua sifa hizo zikamtosha mwaka mzima.

Mwaka wa tatu ukafika muda wa mafunzo ya vitendo. Kila mwanafunzi alitakiwa kujitafutia kiwanda kwa miezi mitatu. Geji aliandika barua kwenye kiwanda cha baba yake, na meneja akamkubali siku hiyohiyo. Alimpiga picha na baba yake mbele ya boila, akaibandika picha kwenye ubao wa matangazo langoni, chini yake maneno ya kusifu familia inayojenga kiwanda kwa vizazi viwili. Kijiti alisimama mbele ya picha ile kila asubuhi wiki nzima akilalamika kwamba wamemkata bega.

Siku ya pili ya mafunzo, Geji aliingia chumba cha boila akiwa na daftari jipya, akatupa jicho kwenye saa kwa mazoea. Sindano ilikuwa kwenye kumi.

Alidhani saa imeharibika. Akatazama kioo cha maji, maji yalikuwa mahali pake. Akasubiri mlio wa vali, hakuna mlio. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, uso umeelekea ukutani. Kijiti alikuwa anasukuma kuni na hakuinua macho. Geji akapanda ngazi ya chuma hadi juu, akainama kwenye vali, na hapo akaiona: kabari ya chuma, nene kama dole gumba, imegongelewa kati ya mkono wa vali na fremu yake. Mdomo wa boila ulikuwa umefungwa.

Alipoteremka, baba alikuwa amesimama.

"Nani alikutuma upande huko?"

"Baba, nani ameweka kile chuma?"

"Nimekuuliza nani alikutuma."

Baba akakaa tena, akafuta mikono yake kwa tambara ingawa haikuwa na uchafu, kisha akamweleza polepole, kwa sauti ya mtu anayesimulia ugonjwa. Kiwanda kilinunua mashine mbili za kukaushia zenye kula mvuke mwingi. Kwenye nane hazikwenda. Meneja alimtaka apandishe hadi kumi, akakataa. Akamtaka tena, akakataa tena. Mara ya tatu meneja hakutaja boila kabisa. Alisema tu kwamba mwaka huu wafanyakazi wote wa mitambo watapelekwa kupimwa macho, na akamuuliza fundi kama angependa kuwa wa kwanza.

"Nikaigonga mwenyewe," baba alisema. "Miezi minne sasa. Naisikiliza kila dakika. Ikibadili sauti, nitajua."

Kijiti, bila kugeuka, alisema kwamba tangu siku ile yeye akiingia humo huaga nyumbani vizuri. Alilisema kama mzaha na hakuna aliyecheka.

Geji alijua sauti haitoshi. Kilichomsumbua si kabari peke yake, bali chuma cha boila chenyewe, kilichokuwa na umri mkubwa kuliko wake yeye. Alikwenda chuoni akaazima kipimo cha unene, kifaa kidogo kinachopeleka sauti ndani ya chuma na kusikiliza inavyorudi. Jumapili, boila ikiwa imezimwa, aliingia kwenye tanuri kwa magoti, akakwangua masizi, akapima sentimita kwa sentimita. Boila ilizaliwa na chuma cha milimita kumi na nne. Tumboni, karibu na mshono, alipata kumi, akapata tisa, na mahali pamoja akapata nane. Maji yenye chokaa na kutu vilikuwa vimeila kwa ndani miaka yote ile, kimyakimya. Akapiga hesabu mara tatu kwenye meza ya jikoni huku mama akipepeta mchele kando yake. Mara zote tatu jibu lilikuja lilelile. Kwa chuma kile, hata saba ilikuwa nyingi.

Mwalimu alizisoma hesabu hizo akiwa amesimama, kisha akakaa. Alimwambia aziweke kwenye barua, ampelekee meneja, na ahakikishe nakala yake inapigwa muhuri wa kupokelewa. "Na nakala nyingine," alisema, "ipeleke ofisi ya ukaguzi wa maboila. Leo."

Aliandika kurasa mbili. Aliweka vipimo vyote, mchoro wa tumbo la boila, na picha ya kabari. Hakuandika nani aliigonga. Karani wa mapokezi alipiga muhuri, na meneja akamwita ofisini mchana ule, akamkaribisha kiti. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo Geji alilolikumbuka baadaye kuliko yote. Alimsifu kwa bidii yake. Alisema kuna oda kubwa ya vitambaa vya shule, ikitoka tu mwisho wa mwezi boila itazimwa na kufunguliwa, na kwamba akimaliza chuo nafasi yake iko pale inamsubiri. Kisha akauliza, akipanga kalamu mezani, kama baba yake ameiona barua hiyo.

"Hajaiona," Geji alisema.

"Tusimtie presha mzee. Mkaguzi akiingia hapa leo, wa kwanza kutoka na virago ni yeye, na pengine pingu juu."

Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Geji alijua anapakwa. Lakini hilo la pingu lilikuwa kweli. Alitoka ofisini na nakala ya mkaguzi ndani ya mkoba wake, imekunjwa mara mbili. Ofisi ya ukaguzi ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alifika hadi kwenye njia panda ya benki, akasimama pale karibu na muuza magazeti, akageuka akarudi nyumbani.

Nakala ile ilikaa mkobani siku kumi na moja. Kila asubuhi alijipa moyo kwamba mwisho wa mwezi si mbali. Mwalimu alipomuuliza kama amepeleka, alisema ndiyo. Alimwomba baba apunguze angalau hadi tisa, naye akapunguza siku mbili, mashine zikalegea, meneja akashuka mwenyewe kuulizia, sindano ikarudi kumi. Kijiti alimwambia Geji asitembee sana upande ule wa tanuri, akae karibu na mlango. Hakumweleza kwa nini, na hakukuwa na haja.

Siku ya kumi na mbili, saa nne kasoro robo asubuhi, baba alikwenda stoo kuchukua gasketi, kipande cha kuzibia kiungo cha bomba. Geji alikuwa kwenye ofisi ya michoro, ghorofa ya juu. Hakusikia mlio kwanza. Sakafu ilimpiga nyayo, vioo vikaingia ndani, na baada ya hapo ndipo ukaja mshindo, kisha ukungu mweupe wa moto uliojaza uwanja wote mpaka hakuna aliyeona mkono wake.

Boila ilipasuka tumboni, pale kwenye mshono. Ilinyanyuka kutoka kwenye tanuri, ikapita ukuta wa chumba cha kukaushia na kwenda kulala kwenye mashine mpya. Kijiti alikufa papo hapo. Wanawake wawili wa chumba cha kukaushia walifia chini ya ukuta. Baba alikuwa hatua ishirini tu kutoka mlangoni akirudi na gasketi mkononi, na mvuke ukamchubua mkono wa kulia kuanzia bega hadi kwenye vidole. Geji alimkuta ameketi chini uwanjani, anaita jina la mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwomba aongeze kuni.

Walimzika Kijiti siku ya tatu. Siku ya tisa mkewe alikuja nyumbani kwao asubuhi, amevaa nguo ileile ya msiba. Mama alimpa kiti. Baba alikuwa kwenye kochi, mkono wote umefungwa bandeji. Yule mjane hakutaka maji wala chai. Alisema ametoka kiwandani, alikwenda kuuliza habari ya haki za marehemu, akaambiwa hana haki yoyote, kwa sababu uchunguzi wa kiwanda umeonyesha kuwa marehemu alisinzia kazini, maji yakaisha ndani ya boila, ndiyo maana ikapasuka. Na fundi mkuu ameandika hivyo na kutia sahihi.

"Shemeji," alisema, "sikuja kugombana. Niambie tu wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Alilala?"

Baba alitazama mahali sauti ilipotokea. Mama akaanza kufungua mdomo amsaidie.

"Maji yaliisha," baba alisema.

Mjane akamgeukia Geji. Alimtazama tu, kama mtu anayetazama saa kujua muda, akasimama akaenda zake.

Mlango ulipofungwa Geji alimuuliza baba kama amejisikia alichokisema. Alimkumbusha kwamba Kijiti alimfichia siri ya macho yake miaka kumi na mbili, kila asubuhi, bila kuomba hata shukrani. Baba hakukana hata kidogo. Alisema meneja alikuja hospitalini. Kabari imeshatolewa na haitaonekana tena. Akitia sahihi, atastaafu kwa heshima yake na mama atabaki na kitu cha kula. Asipotia, ni jela.

"Yeye ameshakufa," alisema. "Aliyekufa hafukuzwi kazi. Mimi bado nina mama yako na wewe."

"Ana mke, baba. Ana watoto watatu."

"Najua idadi yao. Wa kwanza nilimbeba mimi."

Akageuza uso. Mama aliingia jikoni, wakasikia anaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mabaki ya boila yalikuwa bado yamelala kwenye uwanja wa kiwanda chini ya turubai. Geji alikuwa bado na kitambulisho cha mafunzo, na mlinzi yule wa utotoni akamfungulia bila kuuliza. Alinyanyua turubai upande wa tumbo lililopasuka. Alijua anachokitafuta. Boila ikichemka bila maji, chuma hupata moto kupita kiasi, hugeuka rangi ya buluu na zambarau, hulegea na kuning'inia kama ngozi ya mzee. Chuma hiki hakikuwa na buluu popote. Ukoko wa chokaa kwa ndani ulikuwa bado mweupe, umeshika vizuri. Na pale kwenye mpasuko, kingo zilikuwa nyembamba kama kisu. Kijiti hakusinzia. Maji yalikuwepo hadi dakika ya mwisho. Alipiga picha, akapima unene wa kingo, akarudisha turubai, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia, ameshikilia ukingo ule uliomkata kiganja bila yeye kujua.

Mwalimu alipoambiwa ukweli kwamba nakala haikufika kwa mkaguzi, hakumkaripia. Alisugua kidole chake kifupi, kisha akamwambia kwamba akienda kusema, aseme yote, na asianze na ya wengine.

Kikao cha uchunguzi cha serikali kilifanyika kwenye ukumbi wa manispaa, viti vya plastiki, feni mbovu, watu hadi madirishani. Mkaguzi mkuu wa maboila, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Maelezo ya baba yalisomwa kwanza, maana mwenyewe hakuweza kuyasoma. Yalikuwa nusu ukurasa. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye ushahidi, na Geji akasimama. Mama alimshika sketi kwa nyuma. Hakuvuta, alishika tu, halafu akaachia.

Alianza na yake. Alisema alijua zaidi ya siku kumi na moja kabla. Alieleza kabari, vipimo, barua. Alitoa nakala yenye muhuri wa mapokezi, na meneja, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na wakili wake, akaacha kuandika. Alieleza habari ya chuma kisichokuwa na buluu na ukoko mweupe, kwa maneno mepesi, akimtazama mke wa Kijiti, kwa sababu hao wengine wangeweza kusoma kwenye karatasi.

"Barua hii ilikuwa na nakala ya ofisi yangu," mwenyekiti alisema. "Sikuipata. Kwa nini?"

"Nilikaa nayo."

"Kwa nini ulikaa nayo?"

"Kwa sababu aliyegonga kabari ni baba yangu. Aliagizwa na meneja, lakini aliyeigonga ni yeye."

Ukumbi mzima ulimgeukia mzee wa bandeji. Baba hakugeuza kichwa upande wowote. Alikuwa amekaa wima, mkono mzima juu ya goti, masikio yakiwa yameelekea kwa binti yake, jinsi alivyokuwa akisikiliza mvuke.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka mahali pengine na polepole mahali pengine. Meneja alihukumiwa miaka mitatu, akakata rufaa, akatoka baada ya miezi saba. Baba hakuwa na wakili wa kumkatia rufaa. Alihukumiwa mwaka mmoja na miezi miwili, akakitumikia kifungo chote. Familia ya Kijiti na za wale wanawake wawili zililipwa. Mke wa Kijiti alihama mji pamoja na watoto, na hakuja kuaga. Geji hakutegemea aje.

Chuo nacho kilimwita. Kamati ya nidhamu ilisema mhandisi mtarajiwa aliyekalia hatari ya namna ile hastahili cheti, na wengine walitaka afukuzwe moja kwa moja. Mwalimu wa mvuke aliomba asimamishwe mwaka mmoja, na ikawa hivyo. Mwaka ule alifanya kazi kwa fundi wa pampu za maji nyuma ya soko, akishinda na grisi hadi kwenye viwiko, akila kwa kujificha kwa sababu wateja waliomtambua walikuwa wanamwonyesha kidole. Wengine walimwita shujaa. Waliomwita binti aliyemfunga baba yake walikuwa wengi zaidi, na hakuweza kuwaambia kwamba wamekosea.

Alirudi, akamaliza, akashika nafasi ya tatu. Aliomba kazi viwanda kumi na sita. Viwili vilimwita kwenye usaili, na katika kimoja wakamuuliza kwa upole kama ana tabia ya kutunza nakala. Mwaka ukapita hivyo. Hatimaye ofisi ya ukaguzi wa maboila ikatangaza nafasi ya msaidizi, na yule mama wa miwani ya kamba akamchukua. Alimwambia wazi kwamba hakumchukua kwa kumhurumia. Alihitaji mtu ambaye ameshajua kinachotokea mtu akisubiri.

Kazi aliiweza. Aliingia kwenye matanuri kwa magoti katika viwanda vya sabuni, vya mafuta, vya magodoro, na kwenye hospitali. Mara tatu alifunga boila za watu na kuweka lakiri, na mara moja alirushiwa mawe langoni. Hakujisikia mshindi. Alipopita mlango wa chumba chochote cha boila, kitu cha kwanza alichokifanya ni kumtafuta mtia kuni na kumuuliza hali ya nyumbani.

Baba alirudi kutoka jela amepungua nusu, na macho yakiwa yamefunga kabisa. Waliishi nyumba moja. Hakumsemesha Geji. Akitaka kitu alimwambia mama, hata kama binti amekaa kiti cha pili: mwambie huyu aniletee koti, mwambie huyu redio inapiga kelele. Mama alifikisha maneno yale huku na huku kama karani, miaka miwili mfululizo, mpaka wageni wakazoea.

Jumapili moja alasiri mama alikuwa ameenda kumtazama mgonjwa. Geji alikuwa uani anafua ovaroli zake, baba amekaa kivulini mwa ukuta. Hapakuwa na mtu wa kutumwa.

"Wale wawili wa chumba cha kukaushia," baba alisema. "Pale ukumbini waliyasoma majina yao?"

Geji alisimamisha mikono ndani ya maji. "Waliyasoma."

"Sikuyashika. Nilikuwa nasikiliza mengine."

Akamtajia. Baba aliyarudia yote mawili polepole, akisita kwenye la pili, naye akamsahihisha. Akauliza kama walikuwa na watoto. Mmoja alikuwa na wanne, Geji alisema, mwingine alikuwa ameolewa mwezi mmoja tu kabla ya ajali.

Povu lilizima kwenye beseni.

"Ningekuwa mimi," baba alisema, "nisingesema kule ukumbini. Nataka ujue hivyo. Hata leo nisingesema."

"Najua, baba."

Akapapasa ukuta, akasimama, akaingia ndani akihesabu hatua. Geji alisuuza nguo, akazikamua, akazianika moja moja kwenye kamba hadi beseni likawa tupu.

Kesho yake asubuhi, wote watatu wakiwa mezani, baba alimwambia mama amwambie huyu kwamba mlango wa uani umelegea bawaba. Mama akageuka kufikisha ujumbe. Geji alikuwa ameshanyanyuka kuchukua bisibisi. Aliitengeneza bawaba kabla ya kwenda kazini, akafunga na kufungua mlango mara mbili kuujaribu, akabeba mkoba wake wa vipimo, akatoka.